Dawa ya kichanga iandikwe pamoja na hesabu yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na waganga wakuu wa mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini, na wafamasia wao, na yeyote anayehusika na kuchapisha karatasi za dawa zinazotumika wodini. Nina ombi moja, nalo halihitaji mfadhili wala mashine mpya. Kila dawa anayoandikiwa mtoto mchanga iandikwe pamoja na hesabu yake: miligramu ngapi kwa kila kilo, mtoto ana kilo ngapi, kisha jibu. Jibu peke yake lisikubaliwe.

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Nilianzia kazi upande wa Iringa, Njombe ikiwa bado ni wilaya, nikamalizia mkoa wa Mbeya, Songwe ikiwa haijamegwa. Sehemu kubwa ya utumishi wangu ilipita wodi ya wazazi na chumba cha watoto njiti. Sasa nipo Tukuyu na shamba langu la parachichi, lakini mambo ya wodini hayajanitoka, na wajukuu wanaendelea kuzaliwa.

Mtu mzima akiandikiwa dawa, wote wanaomzunguka wanaijua dozi kwa mazoea. Panadol ni vidonge viwili. Ukimletea ishirini, mgonjwa mwenyewe atakuuliza. Kichanga hana dozi ya mazoea. Katika chumba kimoja unaweza kukuta njiti wa gramu 900, na pembeni yake mtoto wa mama mwenye kisukari aliyezaliwa na kilo 4 na ushee, na wote wawili wanaitwa watoto wachanga. Dawa ni ileile, kichupa ni kilekile, lakini mmoja anastahili zaidi ya mara nne ya mwenzake.

Na uzito si mwisho wa habari, kwa sababu umri nao unahesabiwa kwa siku. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ampisilini, antibayotiki ya kutibu maambukizi, ni miligramu 50 kwa kilo kila baada ya saa 12 katika wiki ya kwanza ya maisha, na baada ya hapo kila saa 8. Jentamaisini, antibayotiki nyingine ambayo wodini tunaiita jenta, hutolewa mara moja kwa siku: miligramu 5 kwa kilo kwa mtoto aliyezaliwa na uzito wa kutosha, 3 kwa kilo kwa aliyezaliwa na uzito mdogo, na wiki ya kwanza ikiisha inapanda hadi 7.5. Kwa hiyo mtoto aliyelazwa Jumatatu na bado yupo wodini Jumatatu inayofuata anaweza kuhitaji hesabu nyingine kabisa, hata kama dawa haikubadilika.

Sababu ya uangalifu wote huu ni kwamba figo na ini vya kichanga havijakomaa, hivyo dawa hukaa mwilini muda mrefu kuliko kwetu sisi. Wazee wenzangu wa kazi wanaikumbuka antibayotiki ya kloramfeniko. Vichanga walipewa dozi kubwa, wakageuka rangi ya kijivu na kufa, mpaka mwaka 1959 madaktari walipoeleza kwamba ini la mtoto mchanga lilikuwa linashindwa kuivunja. Jenta nayo ikizidi inashambulia figo na masikio. Mtoto wa siku nne hawezi kukuambia kwamba hasikii vizuri. Uziwi utagundulika wenzake wa rika lake wakianza kusema, na wakati huo hakuna atakayeikumbuka karatasi ya dawa.

Hapa naomba msomaji anifuate taratibu, maana ndipo ulipo mzizi. Ampuli ya jenta iliyozoeleka, yaani kile kichupa cha kuvunja, ina miligramu 80 ndani ya mililita 2. Mtu mzima anaweza kuandikiwa miligramu 240, yaani ampuli tatu. Daktari akikosea mara kumi, nesi atatakiwa kuvunja ampuli thelathini. Hata awe amechoka vipi, mikono yenyewe itakataa. Sasa mchukue njiti wa kilo 1.4. Dozi yake ni 3 mara 1.4, yaani miligramu 4.2, ambayo kutoka kwenye ampuli hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya mililita. Nukta ikipotea, 4.2 inakuwa 42. Na miligramu 42 zimo ndani ya ampuli ileile moja, tena karibu nusu yake inabaki. Nesi atavuta mililita moja na kidogo, kiasi kinachoonekana cha kawaida kabisa kwenye bomba la sindano, cha kawaida kuliko hata dozi sahihi, ambayo ni ndogo kiasi kwamba kuipima vizuri inabidi kwanza uichanganye dawa na maji ya sindano. Kwa kichanga, kosa la mara kumi halimshtui mtu.

Mtoto huyo wa kilo 1.4 ni mjukuu wangu. Mkwe wangu alijifungua miezi haijatimia, katika hospitali moja ya huku kwetu, na mtoto akaanza kupumua kwa shida. Akaandikiwa ampisilini na jenta, kama inavyotakiwa. Usiku ule zamu ilikuwa na nesi kijana, binti wa rika la mwanangu wa mwisho. Mimi nilikuwa kwenye benchi nje ya mlango. Alitoka na karatasi mkononi akaniambia, "Shikamoo bibi. Samahani, dawa ya mtoto itachelewa kidogo, kuna kitu lazima nimuulize daktari." Nikamwambia, "Marahaba mwanangu, nenda." Daktari alipokuja waliinama wote wawili juu ya ile karatasi, kisha akapiga mstari juu ya alichokuwa ameandika, akaandika upya, akasaini na kuweka saa. Akamshukuru yule binti mbele yetu, jambo lililonifurahisha sana.

Baadaye binti alinionyesha, kwa kuwa anajua nilikuwa mwenzao. Nukta ilikuwepo. Ilikuwa imeangukia juu kabisa ya mstari uliochapwa kwenye karatasi, ikamezwa. Kwa macho ya kawaida ni 42. Ukiinua karatasi kwenye taa unaona kijidoa cha wino kilichonona kidogo kuliko mstari wenyewe. Daktari hakukosea hesabu. Alijua 3 mara 1.4 ni ngapi. Kilichokosea ni njia ya kulifikisha jibu lake kutoka kichwani mwake hadi kwenye bomba la sindano.

Nimemfikiria sana yule binti. Karatasi ya dawa haikuwa na uzito wa mtoto. Uzito ulikuwa kwenye faili, ukurasa wa mbele, na faili lilikuwa kwenye meza ya chumba kingine. Ilibidi awaache watoto, akalitafute, apate 1.4, arudi, apige hesabu kwenye simu yake, ndipo ashtuke. Yote hayo aliyafanya kwa sababu tu roho yake ilikataa. Usiku mwingine, akiwa peke yake na chumba kimejaa, dripu ya huyu imechomoka na yule ameacha kupumua na anahitaji kufikichwa mgongo, hiyo roho ya kukataa angeipatia wapi nafasi?

Lau karatasi ingesomeka "3 mg × 1.4 kg = 4.2 mg", mstari ungeweza kuimeza nukta ya jibu na bado kosa lingeonekana hapohapo. Tatu mara moja na nusu kasoro haiwezi kuwa arobaini na mbili. Mtoto wa darasa la tano analiona hilo. Hesabu ikiandikwa, kila anayefuata, awe nesi, mfamasia au daktari wa zamu ya asubuhi, anaweza kulikagua jibu bila kwenda kutafuta faili. Na zaidi ya hapo, anaweza kulikagua bila kuhitaji ujasiri wa kumshuku mkubwa wake. Wenye kazi wananielewa. Nesi wa mwaka wa kwanza kazini kumwambia daktari "nahisi dozi hii ni kubwa" ni mlima. Lakini kumwambia "daktari, hesabu hii na jibu lake havikubaliani" ni jambo dogo, kwa sababu karatasi yenyewe ndiyo inayosema.

Kuna watakaosema haya ni ya kwetu sisi wenye uhaba. Sivyo. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika hospitali mbili za Boston, Marekani, juu ya dawa za watoto waliolazwa. Walipitia maagizo ya dawa 10,778 na kukuta makosa 616. Makosa yaliyokuwa na uwezo wa kumdhuru mtoto yalikuwa mara tatu ya yale ya watu wazima, na vichanga ndio waliokuwa hatarini zaidi. Na kati ya makosa hayo ya hatari, asilimia 79 yalianzia kwenye kuandika dawa. Yaani kwenye kalamu, kabla sindano haijashikwa. Miaka mitano baadaye, mwaka 2006, hospitali moja ya Indianapolis iliwapa vichanga sita heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kutoka kwenye vichupa vya watu wazima vya yuniti 10,000 kwa mililita badala ya 10, na watatu wakafa. Mwaka uliofuata kosa la namna hiyohiyo likawapata pacha wa mwigizaji Dennis Quaid huko Los Angeles, wakapona. Vichupa vyote viwili, cha mtoto na cha mtu mzima, vilikuwa na lebo za rangi ya bluu. Hospitali hizo zilikuwa na kila kifaa unachoweza kukitaja.

Sasa nirudi kwenye uzito, maana hesabu nzuri juu ya uzito mbaya haimsaidii mtoto. Huku kwetu baridi inatusukuma kufanya mambo. Tukuyu mwezi Julai, au Makete wakati wowote, hakuna mama anayependa kuona mwanaye akivuliwa. Kwa hiyo mtoto anawekwa kwenye mizani na sweta, kofia, soksi na kitenge. Nguo hizo zikifika robo kilo, kwa mtoto wa kilo 1.4 umeongeza karibu moja ya tano ya uzito wake, na dawa nayo itapanda hivyohivyo. Chumba kipashwe joto kwanza, mtoto avuliwe, apimwe haraka, arudishwe kifuani kwa mama yake. Kama haiwezekani kumvua, nguo zipimwe peke yake na zitolewe.

Tena kichanga hupungua siku za mwanzo, wengine hadi sehemu moja ya kumi ya uzito wa kuzaliwa, kabla hawajaanza kupanda. Kawaida ni kutumia uzito wa kuzaliwa mpaka atakapourudia. Lakini nimeona karatasi ambapo daktari wa asubuhi alitumia uzito wa kuzaliwa na wa jioni akatumia wa leo, na mtoto akawa na dozi mbili tofauti za dawa moja, kila moja sahihi kwa mtazamo wa aliyeiandika. Nimeona pia 1400 na 1.4 na 1,4 katika faili moja. Karatasi iseme uzito ni gramu au kilo, ni wa tarehe ipi, na wote wafuate huo.

Rufaa ni sehemu nyingine inayoniumiza. Mtoto anaugua kwenye zahanati huko Busokelo au milimani Ileje. Mganga wa zahanati anafanya kilicho sahihi: anampa dozi ya kwanza ya ampisilini na jenta kwenye paja kabla ya safari, maana njia ni ndefu na gari linaweza kuchelewa. Kisha anaandika kwenye karatasi ya rufaa, "amepewa antibayotiki." Ipi? Kiasi gani? Saa ngapi? Mtoto akifika hospitalini usiku, anayempokea ana njia mbili, na zote mbaya. Ama atoe tena jenta, dawa ya mara moja kwa siku ikatoka mara mbili ndani ya saa chache, ama adhani dozi imeshaingia kumbe kilichotolewa ni ampisilini peke yake. Jirani yangu alipelekwa na mwanaye kwa namna hiyo, na aliyeokoa jahazi ni yeye mwenyewe mama mtu. Nesi alipokuwa anaandaa sindano, mama akamwambia, "Dada, huyu alichomwa mbili kule zahanati, paja la kulia na la kushoto, kabla hatujapanda gari, na jua lilikuwa halijazama." Nesi akapiga simu zahanati, akathibitisha. Nampongeza nesi kwa kumsikiliza. Lakini mama aliyetoka kujifungua jana yake hapaswi kuwa ndiye kumbukumbu pekee ya matibabu ya mwanaye.

Kuna mazoea mengine ya kalamu ambayo ni rahisi kuyaacha. Tusiandike "nusu ampuli" au "ampuli moja". Ampuli za dawa moja huja na nguvu tofauti kadiri shehena zinavyobadilika, na nusu ya wiki hii si nusu ya mwezi ujao. Ampuli ya fenobabito ya miligramu 200 ikimwingia yote mtoto wa kilo 2.5 mwenye degedege, amepata mara nne ya dozi yake ya kuanzia, ambayo ni miligramu 20 kwa kilo, na anaweza kuacha kupumua. Ziandikwe miligramu. Tusiandike 1.0 kwa vitamini K, kwa sababu nukta ikipotea ni 10, na ampuli ya 10 ipo kwenye kabati. Iandikwe 1. Kinyume chake, nusu iandikwe 0.5, sifuri ikitangulia, kamwe isiwe nukta na tano peke yake. Na mikrogramu iandikwe neno zima, maana kifupisho chake kikisomwa miligramu, kosa si la mara kumi tena. Ni la mara elfu.

Madaktari watasema hawana muda. Nawaheshimu, najua wanavyobanwa, na nimewahi kumwona daktari mmoja akizunguka wodi tatu tangu alfajiri bila kukaa. Lakini hesabu hiyo anaipiga hata hivyo, kichwani au kwenye simu. Namwomba tu aiache kwenye karatasi badala ya kuondoka nayo. Ni sekunde chache. Na pale ambapo hospitali imeingia kwenye kompyuta, mfumo ukatae kupokea dawa ya kichanga isiyo na uzito wa tarehe inayojulikana, wala usijaze wenyewe uzito wa zamani. Umeme ukikatika, na huku milimani unakatika, karatasi ya akiba iwe na mpangilio uleule.

Tukubaliane pia juu ya nani anabeba mzigo kosa likitokea. Nimeona katika utumishi wangu kwamba anayesimamishwa kazi huwa ni mkono wa mwisho, nesi aliyechoma. Familia ina uchungu na ina haki ya kuambiwa ukweli wote, mapema, na mtu mzima anayewatazama machoni. Hilo silipunguzi hata kidogo. Lakini tukimwondoa nesi na kuiacha karatasi ileile isiyo na uzito, na kabati lilelile lenye ampuli za watu wazima, tumempa kosa hilohilo nesi atakayefuata. Tena wenzake wote wamejifunza kunyamaza. Kosa lililozuiwa kama lile la mjukuu wangu lilipaswa kuandikwa kwenye daftari na kujadiliwa asubuhi yake na wodi nzima, na yule binti asifiwe tena mbele za watu. Nijuavyo, halikuandikwa popote. Daktari alishukuru, nesi alishukuru, tukaendelea.

Kwa nini nalisema sasa? Kwa sababu kazi kubwa imefanyika na tunaweza kuipoteza kwa vitu vidogo. Takwimu za taifa za mwaka 2015/16 zilionyesha watoto 67 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai walikuwa wanakufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 wakawa 43. Hayo ni mafanikio ya kweli. Lakini vifo vya ndani ya siku 28 za kwanza vilikuwa 25, vikawa 24. Ni kama havikusogea. Lengo la dunia ni kufika 12 au chini ya hapo ifikapo mwaka 2030. Sisemi kwamba watoto hao wanakufa kwa dawa. Wanakufa kwa kuzaliwa kabla ya wakati, kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa na kwa maambukizi. Ila hospitali zetu, kuanzia Meta jijini Mbeya hadi Tosamaganga na Ikonda, zinawapokea na kuwahudumia njiti ambao zamani tulikuwa tunawafunika kanga tu na kusubiri. Mtoto wa namna hiyo anakaa wodini wiki nyingi, na kila siku ana antibayotiki, ana dripu ya sukari, ana aminofilini au kafeini ya kumsaidia asisahau kupumua. Kadiri tunavyomwokoa ndivyo anavyoandikiwa dawa nyingi zaidi, na kila dawa ni nukta nyingine inayoweza kupotea. Shirika la Afya Duniani liliielekeza Siku ya Usalama wa Mgonjwa, tarehe 17 Septemba 2025, kwa vichanga na watoto. Ni vizuri, lakini mabango hushushwa jioni ya siku hiyohiyo.

Nina neno kwa akina mama na mabibi wenzangu pia. Mkulima wa Uyole anajua kila gunia lake la viazi lina kilo ngapi kabla dalali hajaligusa. Ajue pia mwanaye ana gramu ngapi leo. Kila asubuhi mtoto akipimwa, muulizeni nesi kwa heshima, "Sista, leo ana ngapi?" na muandike kwenye kadi ya kliniki. Mkiona sindano inaandaliwa, si kosa kuuliza ni dawa gani na kama ya leo haijatolewa tayari. Nesi mzuri hakasiriki. Mimi sikuwahi kumkasirikia mama aliyeniuliza hivyo, na wapo walionisaidia.

Kwa Bohari ya Dawa na wafamasia wa hospitali: zipo ampuli za jenta za miligramu 20 katika mililita 2. Wodi za vichanga zipewe hizo, na za 80 zitolewe kabisa kwenye kabati lao. Mjukuu wangu angeandikiwa 42 kwenye wodi yenye ampuli za 20, nesi angehitaji kuvunja ya tatu, na hapo ndipo mkono ungesita hata kama akili imechoka. Mfamasia naye apande wodini wakati wa raundi, asisubiri karatasi dirishani. Abandike ukutani, juu ya meza ya kuandalia dawa, jedwali la dawa tano au sita zinazotumika zaidi, kuanzia gramu 800 hadi kilo 4 na nusu, lenye miligramu na mililita baada ya kuchanganya. Nimewahi kufanya kazi kwenye wodi yenye jedwali hilo. Lilichakaa kwa kuguswa na vidole.

Waganga wakuu wa mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe, Iringa na majirani zetu wa Rukwa, Katavi na Ruvuma, nawaomba muagize karatasi ya dawa ya kichanga ichapwe upya. Juu kabisa uzito, tarehe ya uzito huo na umri kwa siku. Kwenye kila mstari wa dawa, nafasi ya kiasi kwa kilo, nafasi ya kilo, nafasi ya jibu, na sehemu ya saini ya mtu wa pili aliyekagua. Mistari iwe myembamba na ya rangi hafifu ili isimeze nukta. Mkiisha kuichapa, mfamasia apewe amri ya kuirudisha karatasi yoyote ambayo nafasi hizo hazijajazwa, hata kama aliyeiandika ni bingwa, na dawa ya kwanza ya dharura tu ndiyo isisubiri. Kama itahitajika mtu wa kukaa na mchapaji aonyeshe inavyotakiwa kuwa, mimi nipo, nauli nitajitegemea.

Muuguzi mkunga mstaafu,
Tukuyu, Rungwe